Wembe Kwenye Usipa

Usipa wa Nindai ulikuwa unaoza. Kwa siku nne mvua ya Machi haikutoa nafasi hata ya saa moja ya jua, na samaki wale wadogo, ambao juma lililopita walimeta juu ya chanja kama sindano, sasa walikuwa uji wa kijivu uliojaa nzi.

Mwanabibi binti Sudi alisimama mbele ya wanawake thelathini katika banda la kijiji, chaki mkononi. Ubaoni alikuwa ameandika KUHIFADHI CHAKULA kwa herufi kubwa, na chini yake amechora tanuri la kukaushia samaki kwa moshi, vilevile lilivyochorwa kwenye kijitabu alichopewa chuoni. Alikuwa Bibi Maendeleo, mzaliwa wa Mikindani, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili tangu ahamishiwe ofisi ya Mbinga. Hakuwa mtu wa kuogopa darasa. Lakini tanuri lile lilitaka mapipa mawili ya chuma, na Nindai nzima, kuanzia kanisani hadi kwenye mitumbwi, haikuwa na pipa hata moja.

"Kwa hiyo tufanyeje, mama?" aliuliza mmoja wa wanawake, bila ubishi wowote.

Mwanabibi aliweka chaki chini. "Sijui. Kijitabu changu kimeishia hapo. Nani hapa anajua?"

Wanawake walitazamana. Hawakuzoea mtumishi wa serikali kusema hajui. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, akainuka mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni na mwingine, msichana wa kama miaka mitano, ameshika kanga yake.

"Kule nilikokuwa tunauchovya kwanza," alisema. "Unachemsha maji, unatia chumvi, unautumbukiza usipa kwa muda wa kuhesabu ishirini, unauopoa. Hapo hata ukiuanika chini ya paa, upepo peke yake unatosha. Hauozi."

Jina lake lilikuwa Zita. Alikuwa na majuma matatu tu pale kijijini, akilala jikoni kwa mwanamke mmoja aliyemwonea huruma. Alitoka kusini, upande wa Mreno, ambako ndege zilikuwa zimemwaga moto juu ya kijiji alichoolewa, na mume wake hakuonekana tena baada ya asubuhi ile. Alitembea na wanawe ufukweni siku sita.

Walijaribu mchana ule ule. Sufuria la shule likawekwa motoni, wanawake wakahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, na usipa ukatandazwa kwenye mikeka chini ya paa la banda. Siku ya tatu Mwanabibi alivunja samaki mmoja kati ya vidole. Alikatika kwa mlio, mkavu hadi mfupani. Alimtafuna pale pale, kichwa na yote, wanawake wakimtazama, kisha akafuta lile tanuri ubaoni.

Siku ya nne, Alhamisi, ndipo Sixtus alipokuja.

Sixtus alikuwa katibu wa kijiji, mtu wa miaka arobaini aliyevaa shati lililonyooka hata wakati wa masika. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia, watu waliposhushwa kutoka milimani na kupangwa kwa mistari kando ya ziwa, ndiye aliyepima kila kiwanja kwa kamba, na hakujipimia kikubwa kuliko cha mwingine. Lakini alikuwa na amri ya maandishi. Kila mtu aliyetoka upande wa Mreno apelekwe kambi ya wakimbizi. Boti ingepita Jumatatu. Nyakati zilikuwa za hatari, wapelelezi walikuwa wanapenya, na mgeni asiye na jina daftarini ni mgeni asiyejulikana.

"Mimi si mgeni," alisema Zita. "Nimezaliwa hapa. Baba yangu ni Isidori, yule mvuvi aliyezama. Nilikuwa na miaka sita mama aliponichukua tukaenda kusini."

"Isidori namkumbuka, ila alioa mimi nikiwa mbali masomoni," alisema Sixtus. "Alikufa, hana ndugu aliyebaki. Nani mwingine wa kusema kwamba wewe ni wake?"

Hakukuwa na mtu. Kitabu cha ubatizo kiliungua pamoja na kanisa la zamani la nyasi miaka mingi iliyopita. Vijana hawakumjua Isidori, na watu wazima walimkumbuka mtoto mdogo wa kike tu, kama watoto wote wa kike.

"Ndugu Katibu," alisema Mwanabibi, "nani aliyewazalisha wanawake wa hapa miaka hiyo?"

"Bibi Hildegardi. Amewazalisha wote. Hata mimi."

"Basi tumwite."

Bibi Hildegardi aliletwa Ijumaa, akiegemea fimbo. Alikuwa amevuka miaka sabini, mwembamba, macho yake yakianza kufunikwa na ukungu. Mwanabibi alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Banda lilikuwa limejaa.

Sixtus alimweleza habari yote kwa adabu, kisha akauliza, "Bibi, ulimzalisha huyu?"

Mzee alimtazama Zita kwa muda mrefu. Alimwita karibu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Midomo yake ilianza kucheza bila sauti. Kidole gumba kiligusa kidole cha shahada, kikagusa cha kati, kikasimama. Akaanza upya. Kikasimama tena pale pale.

"Simkumbuki," alisema mwishowe.

Zita hakulia. Alirudi nyuma hatua moja tu, akamsogeza mtoto mgongoni, kama mtu ambaye tayari yuko safarini. Sixtus alifunga daftari, na hakuonekana kufurahi.

Lakini Mwanabibi alikuwa ameviona vile vidole. Aliijua ile midomo. Baba yake, Mwalimu Sudi, alikuwa amehifadhi Kurani yote, na watu walitoka mbali kumsikiliza. Ila ukimkatiza katikati ya sura ukamwambia "endelea kutoka hapo," hakuweza. Ilimlazimu kurudi mwanzo. Alipokuwa mtoto, Mwanabibi alidhani ni udhaifu. Baadaye alielewa kwamba aliyehifadhi hana kitu cha kufunua katikati kama sisi tunavyofunua kitabu. Ana njia, na njia lazima uianzie inakoanzia.

Alichutama mbele ya kiti cha yule mzee. "Bibi, ukiwahesabu watoto wako wote, unaanzia wapi?"

"Kwa Kilian, chini kabisa, kwenye kijito," alijibu mzee mara moja. "Halafu napanda."

"Na sasa hivi umeanzia wapi?"

Hildegardi alizungusha macho yake mazito nje ya banda, kwenye nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama askari. "Hapa? Hapa hapaanzi popote, mwanangu. Kilian amewekwa karibu na Egidi. Kilian na Egidi hawajawahi kuwa majirani. Nikifika mlangoni kwa mmoja, yule anayefuata si yeye."

Watu walicheka kidogo, lakini Mwanabibi hakucheka. Alisimama na kumgeukia Sixtus.

"Ndugu Katibu, boti ni Jumatatu. Kesho ni Jumamosi. Nipe hiyo Jumamosi tumpandishe Bibi kwenye mahame kule mlimani, aanzie kwa Kilian. Na wewe uje, maana ukija utaamini masikio yako. Ila kwanza andika kila alichosimuliwa huyu Zita kuhusu kuzaliwa kwake. Andika kwa mkono wako, ukunje, utie mfukoni. Bibi asikijue. Yakilingana, yamelingana. Yasipolingana, mimi mwenyewe nitamfungia Zita mzigo wake."

Sixtus alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima, na hiki kilikuwa kipimo. "Haki," alisema.

Bibi Hildegardi aliporudishwa kwake, Sixtus alikaa na Zita pembeni ya banda, Mwanabibi akisikiliza. Zita hakuwa na mengi. Alikumbuka jiwe kubwa karibu na mlango. Alikumbuka jina la mama yake, Ottilia. Alikuwa hana ndugu. "Na mama alikuwa na msemo," aliongeza kwa aibu. "Kila nikipoteza kitu, alikuwa anasema: hata ulipoingia duniani ulipoteza wembe. Sikuwahi kujua maana yake. Nilimuuliza, akawa anacheka tu."

Sixtus alisita na kalamu. "Niandike na hilo?"

"Hasa hilo," alisema Mwanabibi.

Jumamosi mvua ilipumzika. Walitoka alfajiri, watu watatu, Sixtus amebeba kigoda, Mwanabibi amemshika mzee mkono. Njia ya mlimani ilikuwa imeanza kumezwa na nyasi. Nyumba za zamani zilikuwa zimeng'olewa paa, kuta zake zikiyeyuka kwa mvua, lakini migomba ilikuwa bado inazaa na maboga yalitambaa hadi vyumbani mlimokuwa na vitanda. Mwanabibi hakuwahi kufika huko. Aliona jinsi ziwa lilivyoonekana lote kutoka juu, na akaelewa kwa nini watu walishuka wakigeuka nyuma.

Kwenye kijito, mbele ya kuta zilizobaki, Bibi Hildegardi alisimama. Aliiegemeza fimbo yake kwenye mgomba. Mgongo wake ulinyooka.

"Kwa Kilian," alisema, na sauti haikuwa ile ya jana. "Wanne. Wa kwanza alikuja miguu mbele, tukakesha. Wa pili mwepesi, mama yake alikuwa anatwanga asubuhi ile. Wa tatu na wa nne pacha, mwaka wa nzige."

Hakusubiri kusifiwa. Alichukua fimbo, akashika njia. Kwa Urbani, watatu. Kwa mjane wa kwenye kona, mmoja, na mwaka ule hakukuwa na chumvi, wakamwosha mtoto kwa maji ya majivu. Alizungumza na milango ambayo haikuwapo. Mahali pengine aliinama na kutoa magugu mlangoni pa mtu, kama vile mwenye nyumba alikuwa ameenda kuchota maji na angerudi. Sixtus, aliyekuja kwa ajili ya mtu mmoja, alitoa daftari lake na kuanza kuandika. Baada ya nyumba ya tano alikoma kumwomba mzee arudie. Alijua kwamba kumkatiza ni kumrudisha kijitoni.

Walifika kwenye jiwe kubwa jua likiwa la saa nne. Nguzo mbili za chanja ya zamani, zimeoza, zilikuwa bado zimesimama. Mwanabibi alitazama jiwe, akamtazama Sixtus, wote wawili wakanyamaza kama walivyoahidiana.

"Kwa Isidori," alisema Hildegardi. "Mmoja. Wa kike." Kisha mzee akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, akatafuta kigoda akaketi.

"Huyu alinitesa. Wanawake wote walikuwa hapa wanaokoa usipa, maana wingu lilikuja ghafla, na Ottilia na tumbo lake akawa anakimbia na ungo kama wengine. Nikamwambia kaa. Hakukaa. Akaanguka magoti hapo, chini ya chanja, na mtoto akawa anakuja, na mvua inakuja. Nikauweka wembe wangu juu ya lundo la usipa ili nishike kichwa. Mtoto katoka, nanyoosha mkono nichukue wembe, hamna. Umezama kwenye usipa. Tukafukua, hamna. Nikakata kitovu kwa utete niliouvunja kwenye ua lile pale. Isidori aliporudi kutoka ziwani akatandaza usipa wake wote chini, samaki mmoja mmoja, kuutafuta, kwa sababu nani atanunua usipa wenye wembe? Hakuupata. Hakuuza hata kidogo msimu ule. Waliula wenyewe, wakitafuna polepole."

Sixtus alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho. Aliifunua na kuisoma kimya, ingawa aliijua, kisha akampa Mwanabibi. *Ulipoingia duniani ulipoteza wembe.*

"Imelingana," alisema Mwanabibi. Lakini aliona Sixtus hajamaliza.

"Bibi," alisema Sixtus, "huyo Ottilia alikuwa mtu wa wapi? Sikuwahi kusikia ukoo wake hapa. Na mumewe alipokufa alikimbilia kusini."

Hildegardi aliacha kucheka. "Uliniuliza kama nilimzalisha Zita. Nilimzalisha."

"Nauliza mama yake."

"Ukoo wa mama yake haumo mfukoni mwako." Mzee aliinuka, akashika njia. "Twende nyumba inayofuata."

Nyumba iliyofuata ilikuwa kubwa, kuta zake bado imara. Mwanabibi hakuijua, lakini aliona hatua za Sixtus zikipungua, akaelewa ni kwao.

"Kwa baba yako," alisema Hildegardi. "Watano. Wewe wa tatu, ulikuja mchana wa Jumapili ya Matawi, mkubwa, unapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Kabla ya hao ni baba yako mwenyewe, ambaye sikumzalisha mimi. Alizalishwa na mama yangu, nami nilimshikia maji." Akafunga mdomo na kuanza kuondoka.

"Bibi, umeruka kitu," alisema Sixtus. "Nyumba nyingine zote umesema mtoto alikujaje, na mama alikuwa nani. Kuzaliwa kwa baba yangu mwenyewe umekuruka."

"Sijaruka. Nimehifadhi."

Sixtus alisimama akiwa na daftari wazi mkononi. Chini yao ziwa lilikuwa bluu, na mstari wa paa za kijiji kipya ukaonekana mdogo. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ya katibu. "Kama ni changu, nipe."

Mzee alimtazama Mwanabibi, mgeni kati yao, kisha Sixtus; Sixtus akaitikia kwa kichwa kwamba naye asikie.

"Bibi yako mzaa baba alikuja na mtumbwi, wakati wa Mjerumani. Alitoka kusini, anakimbia kazi za viboko. Alikuwa na tumbo la miezi saba. Wenye nyumba hii walimpa kona ya kulala, baadaye wakampa kijana wao amwoe. Mama yangu akaambiwa ahifadhi, naye akaniachia mimi. Hakuna aliyemuuliza bibi yako kama yumo daftarini." Alivuta pumzi. "Naweza kuanza kwa Kilian nikapanda hadi juu, Sixtus, nikakuambia nani alitoka wapi. Sitafanya hivyo. Lakini ukitaka kuwapeleka wote walioletwa na mtumbwi, andaa boti nyingi."

Sixtus alikwenda hadi kwenye kizingiti cha kwao, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo. Mwanabibi aliangalia pembeni. Alikuwa ameshaelewa habari ya Ottilia, au alidhani ameelewa, na alijua kwamba hatauliza. Miaka mingi alikuwa amefundisha neno lile, kuhifadhi, kwa chaki na michoro ya matanuri. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake kwa fimbo, limechoka, linataka maji ya kunywa. Alifungua chupa yake akampa.

"Bibi Maendeleo," alisema Sixtus aliporudi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shikilia kidole hapa karatasi isipeperuke." Akaandika, akitamka kila neno: "Zita, binti Isidori. Kuzaliwa: Nindai. Shahidi: mkunga Hildegardi. Watoto wake wawili, wa kike." Akapiga mstari chini, akatia sahihi. "Kiwanja kipo kimoja karibu na shule. Nitampimia Jumatatu."

"Boti ikipita je?"

"Ipite. Nitawaambia hapa hakuna mtu wa kwao." Akafikiri kidogo. "Na akija mwingine kutoka kusini, tutamuuliza alikotoka, kisha tutamuuliza kama amekula."

Walishuka mchana. Zita alikuwa amekaa nje ya jiko alikohifadhiwa, mzigo wake umefungwa tayari, watoto wamelala juu yake. Mwanabibi alitaka kusema maneno mazuri, lakini Bibi Hildegardi alimtangulia. Aliinama, akamshika Zita kidevu kama jana, akasema, "Unanidai wembe au nakudai mimi?"

Zita alimtazama bila kuelewa. Kisha alielewa, akauficha uso wake kwenye bega la yule mzee, akakaa hapo kwa muda. Alipoinua kichwa, alianza kufungua mzigo.

Jioni Sixtus alileta daftari nyumbani kwa Hildegardi, akamsomea yale yote aliyoyaandika njiani ili asahihishe. Mwanabibi alikuwapo, anamchambulia mzee samaki. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, akiitikia kwa kila nyumba. Sixtus alipofika kwa Egidi, mzee akayafumbua.

"Umesema wangapi?"

"Watatu, Bibi."

"Nimesema watano."

"Ndiyo, Bibi, lakini wawili walikufa siku ile ile. Daftari la kijiji ni la walio hai. Halina safu ya hao."

"Walikuwa na uzito," alisema Hildegardi. "Niliwashika. Mmoja alifungua macho. Mimi nikiondoka, ni nani mwingine anayejua kwamba alifungua macho?"

Sixtus alimtazama Mwanabibi. Mwanabibi aliendelea kuchambua samaki; aliliona jibu limekwisha kufika. Katibu alichukua rula yake, akaigandamiza kwenye ukurasa, akachora safu mpya kutoka juu hadi chini, polepole, ili isipinde. Kisha akachovya kalamu.

"Haya, Bibi," alisema. "Tuanzie kwa Kilian."